Yamaha PSR-E373 kwa anayeanza piano: kinakufundisha nini, na wapi kinakudekeza

Ukiingia kwenye duka la vyombo vya muziki Kariakoo ukaulizia kinanda cha mtu anayeanza, muuzaji atakiwasha, atachagua mdundo mmoja, ataweka kidole kimoja upande wa kushoto, na bendi nzima itaanza kupiga. "Unaona dada, hata mtoto anapiga." Ni kweli, na inavutia. Lakini pale aliyepiga ni kinanda. Mtu anayetaka kujifunza piano ana swali lake: baada ya miezi mitatu na chombo hiki, ataweza kutaja kila ufunguo bila kuhesabu kuanzia mwanzo? Ataweza kujenga skeli (ngazi ya sauti kutoka do hadi do) bila video, kupata kodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) tatu za wimbo wa kwaya, na kushika mapigo bila kupotea? Hicho ndicho kipimo tulichotumia hapa kwa Yamaha PSR-E373, kinanda cha funguo 61 kilichotoka mwaka 2020. Mwaka 2024 Yamaha walileta E383 kushika nafasi yake, lakini karibu yote yaliyoandikwa hapa yanamhusu pia mwenye toleo hilo.

Hukumu tuitoe mapema. Kwa nadharia ya mwanzo kinanda hiki kinatosha na kubaki. Hatari yake imo kwenye vitufe vichache vinavyofanya kazi ambayo kichwa chako ndicho kilitakiwa kuifanya, na mwanafunzi asipoonywa atavipenda hivyo kuliko vyote.

Namba zilizoandikwa kwenye boksi, sauti 622 na midundo 205, usizihangaikie. Mwanafunzi anahitaji sauti moja ya piano iliyo safi, nayo imo. Kuna kitufe kimeandikwa PORTABLE GRAND. Kikibonyezwa, kinanda kinarudi kwenye piano tupu, hata kama mtoto wa jirani amevuruga mipangilio yote. Kikariri hicho kabla ya kingine chochote, kwa sababu wengi hudhani kinanda kimeharibika kumbe wamewasha mdundo wa kuandamana bila kujua. Mdundo huo ukiwa umewashwa, funguo zote za kushoto, hadi F shapu (ule mweusi ulio kulia kwa F) iliyo chini ya C ya kati, zinakuwa za kuamuru bendi, na mkono wa kushoto haupigi tena piano.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba funguo zake zinahisi nguvu ya kidole. Ukibonyeza taratibu sauti inatoka ndogo, ukikaza inatoka kubwa. Hapa ndipo kinapoachana na ndugu yake PSR-E273 na Casio CT-S200, ambavyo navyo vina funguo 61 lakini kila ufunguo hulia kwa nguvu ileile hata uugonge kwa ngumi. Casio CT-S300 inahisi. Kama bajeti inakubana, afadhali kinanda kilichotumika chenye kuhisi kuliko kipya kisichohisi. Mwanafunzi aliyezoea kinanda kisichohisi cha namna ile anajifunza kwamba alama za kupiga taratibu na kupiga kwa nguvu ni mapambo ya karatasi, na siku akikaa kwenye piano halisi vidole vyake havina breki.

C ya kati haiko katikati

Funguo 61 ni nyeupe 36 na nyeusi 25, kuanzia C hadi C. Anayeanza huambiwa "tafuta C ya kati", anaangalia katikati ya kinanda, na anaweka gumba mahali pasipo. Katikati ya funguo 61 ni F shapu. C ya kati ni C ya tatu ukihesabu kutoka kushoto, nusu toni sita (yaani funguo sita, nyeupe na nyeusi) kushoto kwa kitovu cha kinanda. Kwenye piano ya funguo 88 ni C ya nne. Kosa hili likiachwa wiki mbili, mwanafunzi anakaa mbele ya F, mkono wa kushoto unabanwa, na kila kitabu cha mazoezi kinaonekana kigumu kuliko kilivyo. Kaa kitovu chako kikitazamana na C ya kati. Viwiko viwe sawa na uso wa funguo. Kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida, funguo zikiwa takriban sentimita 72 kutoka sakafuni inakaa vizuri. Kinanda kikiwekwa juu ya meza ya chakula huwa juu mno, mabega yanapanda na vifundo vya mikono vinauma.

Jambo lingine linalochanganya: Yamaha huiita C ya kati C3, wakati vitabu vingi vya nadharia huiita C4. Kwa hiyo ukisoma maelekezo ya kinanda ukaona F♯2, jua vitabu vinaiita F♯3. Sauti ni ileile.

Kutaja funguo kunajifunzwa kwa kuangalia nyeusi. Nyeusi zimekaa mbili mbili na tatu tatu. Nyeupe iliyo kushoto mwa zile mbili ni C, iliyo katikati yao ni D, kulia ni E. Kushoto mwa zile tatu ni F, na kulia kwao ni B. Usibandike stika za herufi. Macho yatasoma stika, siku zikibanduka kwa jasho unaanza upya. Badala yake piga D zote kutoka chini hadi juu huku ukitamka, kisha F zote, kisha B zote, dakika mbili kila siku. Wiki moja inatosha.

Skeli: aliyeimba kwaya ameshaanza njiani

Hapa Dar watu wengi wanaokuja kwenye piano wametoka kwaya, na wanasoma nota za do re mi. Walimu wengine huwaambia wazisahau waanze "muziki wa kweli". Ni kuwanyang'anya mtaji wao. Mwanakwaya yeyote anajua sikioni kwamba mi na fa zimekaribiana, na ti na do zimekaribiana, na kwingine kote kuna nafasi. Hiyo ndiyo skeli meja nzima: toni, toni, nusu, toni, toni, toni, nusu. Kwenye kinanda nusu toni ni ufunguo wa jirani kabisa, mweupe au mweusi, bila kuruka. Toni ni kuruka mmoja.

Chukua D iwe do. Toni moja mbele ni E, hiyo ni re. Toni nyingine: kutoka E unaruka F, unatua kwenye mweusi, F shapu, ndiyo mi. Nusu toni: G, fa. Toni: A, sol. Toni: B, la. Toni: unaruka C, unatua C shapu, ti. Nusu: D, umefika nyumbani. Umepata skeli ya D, shapu mbili, wala hujakariri chochote. Kwa mkono wa kulia vidole ni 1-2-3, gumba linapita chini ya kiganja, kisha 1-2-3-4-5, ambapo 1 ni gumba na 5 ni kidole kidogo. Mpangilio huu unafaa C, G na D.

F ndiyo inayowaangusha. Fa yake si B nyeupe bali B flati, ule mweusi ulio kushoto kwake. Anayesahau anasikia fa imepanda, ile ambayo mwanakwaya angeiandika fi, na wimbo unakuwa kama unauliza swali mahali pa kujibu. Vidole navyo hubadilika: 1-2-3-4, kisha 1-2-3-4. Sababu ni kwamba ukipitisha gumba baada ya kidole cha tatu, litatua juu ya ufunguo mweusi, na gumba kwa ufupi wake likipanda kule juu mkono wote unapinda. Na kwa nini iitwe B flati, isiitwe A shapu wakati ufunguo ni huohuo? Kwa sababu A imeshatumika kwenye mi, na skeli inataka kila herufi ionekane mara moja tu. Kinanda hakiwezi kukuamulia hilo. Ufunguo mweusi una majina mawili, na anayechagua jina ni skeli uliyomo.

C, G, D na F zinatosha kwa miezi mitatu ya mwanzo. Ndizo ki (skeli ambayo wimbo umejengwa juu yake) nne za meja zinazotakiwa kwenye mtihani wa nadharia wa ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, daraja la 1, kwa hiyo hata anayelenga vyeti hapotezi muda.

Ukiona alama za shapu au flati mwanzoni mwa mistari, mwanakwaya ana njia fupi ya kujua do iko wapi. Shapu ya mwisho kulia ni ti, kwa hiyo do ni nusu toni juu yake. Flati ya mwisho ni fa, shuka hadi do. Mfano, shapu mbili, F na C: C shapu ni ti, do ni D. Flati tatu, B, E na A: A flati ni fa, G ni mi, F ni re, E flati ni do. Flati zikiwa mbili au zaidi, ile ya pili kutoka mwisho ndiyo do yenyewe. Shapu huandikwa daima kwa mpangilio wa F C G D A E B, na flati ni huohuo ukisomwa kinyume.

Kitufe cha kupandisha na kushusha ki

Hapa ndipo tungependa kusema kwa nguvu. PSR-E373 inaweza kupandisha au kushusha sauti ya kinanda chote hadi nusu toni 12, ili mpigaji abaki anabonyeza C wakati watu wanasikia A flati. Makanisani wako wapigaji wa miaka mingi ambao mikono yao inaijua C peke yake, na kazi iliyobaki hufanywa na kitufe hicho. Ibada inakwenda, hakuna anayelalamika. Kisha inakuja siku ya kupiga na mtu wa gitaa. Mwalimu wa kwaya anasema "tuko A flati", mpiga gitaa anaenda A flati, mpiga kinanda anaona kwenye mikono yake C, na mazungumzo ya "hapo panda hadi nne" yanakuwa vurugu. Au anaalikwa mahali penye piano ya mbao, isiyo na kitufe chochote.

Kwa anayejifunza nadharia madhara ni mabaya zaidi, kwa sababu jina na sauti vinaachana. Sikio lilikuwa linaanza kushika jinsi G inavyolia, sasa kila siku ufunguo uleule unatoa sauti tofauti. Kitumie kwa dharura tu: kwaya imeshasimama, soprano hawafiki juu, shusha nusu toni mbili, wimbo uende. Nyumbani kibaki sifuri. Kama kinanda umekinunua mkononi mwa mtu na kinalia tofauti na piano nyingine, kizime, shikilia ufunguo mweupe wa mwisho kulia, kisha kiwashe. Kinarudi kama kilivyotoka kiwandani.

Ajabu ni kwamba kuna chombo kingine cha kudekeza ndani ya kinanda hiki ambacho kina faida. Kinaitwa Smart Chord: unabonyeza kidole kimoja kushoto, chenyewe kinachagua kodi inayofaa kwenye ki hiyo. Ili kifanye kazi lazima ukiambie ki ina shapu au flati ngapi. Mwanafunzi anayekitumia analazimika kujua kwamba D ina shapu mbili, vinginevyo kodi zinatoka mbovu na anasikia. Kama zoezi la dakika tano la kujipima alama za ki, ni zuri. Kama njia ya kupiga muziki, liache.

Kodi tatu, mkono usiruke

Kodi meja ni do, mi na sol kwa pamoja. Kwa hesabu ya funguo: kutoka sauti ya msingi nenda nusu toni nne, kisha tatu. C, E, G. Ukigeuza hesabu, tatu kisha nne, unapata maina: C, E flati, G. Kinanda kina kamusi ya kodi. Unakiambia msingi na aina, kioo kinaonyesha funguo za kubonyeza, na ukizipata zote kinalia kengele ya kukupongeza. Tumia kamusi hiyo kama kitabu cha majibu: jenga kwanza kwa kuhesabu, ndipo uhakikishe. Anayeanza kwa kuangalia kioo atajua picha hamsini na hatajua kwa nini hata moja.

Nyimbo nyingi mno za kwaya na za mapambio hukaa kwenye kodi tatu: ya kwanza, ya nne na ya tano. Kwenye C ni C, F na G. Anayeanza huzipiga zote kwa umbo moja, msingi chini, hivyo mkono wa kushoto unaruka huku na kule kama mtu anayevuka Barabara ya Morogoro, na kila badiliko linachelewa kwa robo ya pigo. Dawa ni kugeuza kodi. Weka C-E-G kwa vidole 5-3-1. Sasa nenda F bila kuhamisha mkono: kidole kidogo kibaki pale pale kwenye C, cha pili kibonyeze F, gumba lisogee toni moja hadi A. Umepata C-F-A, hiyo ni F. Rudi. Kwenda G, gumba ndilo linabaki kwenye G, kidole kidogo kinashuka nusu toni hadi B, cha tatu kinashuka toni moja hadi D. B-D-G. Mkono mzima haujatoka mahali pake.

Ukishazoea, umbo hilohilo linahamia kwingine. Kwenye F: F-A-C, F-B flati-D, E-G-C. Kwenye G: G-B-D, G-C-E, F shapu-A-D. Kwenye D: D-F shapu-A, D-G-B, C shapu-E-A. Daima sauti moja inabaki, mbili zinasogea hatua fupi. Ukilielewa hili hutakihitaji tena kile kitufe cha kuhamisha ki.

Angalizo moja: usizipige kodi hizi chini ya C ya pili kutoka kushoto. Kule chini sauti tatu zilizobanana zinavuma kama jenereta na hakuna anayesikia ni kodi gani. Kule piga sauti moja tu, ya msingi.

Mapigo

Metronomu ya E373 inaanzia mapigo 11 hadi 280 kwa dakika, na ukishikilia kitufe chake kwa muda kidogo unaweza kupanga baa (fungu moja la mapigo) iwe na mapigo mangapi, ili kengele ilie kwenye pigo la kwanza. Anza na 60, pigo moja kwa sekunde. Nota ya krocheti ni pigo moja, minimu mawili, semibrivu manne, na kweva nusu. Hesabu kweva kwa sauti: moja-na, mbili-na, tatu-na, nne-na. Mwanakwaya atafsiri hivi: kwenye karatasi ya do re mi, nukta mbili zinatenganisha mapigo, mstari wima unafunga baa, nukta moja inagawa pigo katikati, na kistari kinasema sauti iendelee. Ni maarifa yaleyale, yamevaa nguo nyingine.

Kipande kikikushinda kwa 80, shuka hadi 60, kipige mara tatu bila kosa, ongeza 4. Anayeongeza 20 kwa mkupuo anajifunza kosa kwa kasi zaidi.

Sita kwa nane inahitaji maelezo ya peke yake, kwa sababu muziki mwingi wa ngoma na wa kwaya zetu unatembea humo, na wanaoanza huuandika au kuuhesabu kama tatu kwa nne. Zote mbili zina kweva sita kwenye baa. Tofauti ni mafungu. Tatu kwa nne ni mafungu matatu ya mbili mbili: MOJA-na-MBILI-na-TATU-na. Sita kwa nane ni mafungu mawili ya tatu tatu: MOJA-mbili-tatu-NNE-tano-sita. Piga paja kwenye herufi kubwa utaona mwili unavyobadilika: huku unapiga mara tatu, kule mara mbili. Kwenye metronomu ukipanga sita, kengele inalia kwenye moja tu na ile nne inapita kimya, kwa hiyo mwanafunzi hapati mzunguko. Panga mapigo mawili, kasi 50, na ndani ya kila pigo jaza tatu kwa mdomo. Hapo unakaa kwenye ngoma.

Sasa zile hatua tatu za masomo zilizomo ndani ya kinanda. Ya kwanza ni kusikiliza, haina ubaya. Ya pili inakupima muda peke yake: ukibonyeza ufunguo wowote kwa wakati sahihi, kinanda kinatoa nota iliyo sahihi. Sikio linadanganywa, unasikia wimbo mzuri kumbe vidole viko porini. Ya tatu inasubiri hadi uguse ufunguo sahihi. Inasaidia kutafuta nota, lakini inaua kuhesabu, kwa kuwa muziki unaokusubiri hauna mapigo. Tumia ya tatu siku mbili za mwanzo wa wimbo mpya, kisha izime na uwashe metronomu.

Kusoma mistari mitano

Hapa kioo kinafanya kazi nzuri kweli. Kinaonyesha nota unayobonyeza kwenye mistari mitano, juu klefu ya G, chini klefu ya F (klefu ni alama ya mwanzoni mwa mistari inayoonyesha majina ya nota). Zoezi: funika kioo kwa karatasi, soma nota moja kwenye kitabu, bonyeza, funua. Nota ishirini kila siku. Shika alama tatu za njiani: C ya kati inakaa kwenye kamstari kake peke yake kati ya klefu mbili, G iko mstari wa pili wa klefu ya juu, F iko mstari wa nne wa klefu ya chini. Nyingine zote zihesabu kutoka hapo.

Kosa la karibu kila mtu ni kusoma klefu ya chini kwa majina ya juu. Mstari wa chini kabisa juu ni E, chini ni G. Ukiona mkono wa kushoto unakosea daima kwa herufi mbili, chanzo ni hicho.

Kisichoweza

Funguo zake ni nyepesi, hazina uzito wa nyundo. Kwa nadharia haidhuru. Kwa anayelenga mitihani ya kupiga piano, vidole havitapata nguvu hapa, na baada ya mwaka mmoja atahitaji funguo 88 zenye uzito, kama Yamaha P-45 au P-145. Hizo lakini hazitumii betri, zinategemea umeme wa ukutani, wakati E373 inakwenda kwa betri sita za AA na ina kilo 4.6 tu. Umeme ukikatika saa moja usiku, somo linaendelea. Urefu wake ni sentimita 94.5, kwenye kiti cha nyuma cha bajaji inaingia bila shida. Kwenye mwendokasi jioni, usijaribu.

Spika zake ni wati 2.5 kila upande. Sebuleni zinatosha, kanisani hapana. Toa waya kwenye tundu la hedifoni hadi kwenye mikisa, na jua kwamba spika za kinanda zitanyamaza ukichomeka. Pedali haimo kwenye boksi. Ukinunua, usiikanyage wakati unakiwasha kinanda: kitaisoma kinyume, sauti zitaburuta ukiachia na kukatika ukikanyaga. Kizime, toa mguu, washa tena.

Unaponunua

Kipya, hakikisha adapta iliyomo ni ya volti 230 na plagi ya pini tatu. Vinanda vilivyotumika kutoka Marekani au Japani huja na adapta za volti 120 au 100, na ukichomeka ukutani kwetu inaungua palepale. Anayekuuzia adapta ya kufanania, soma kwanza: iwe ya kutoa volti 12, na mchoro wa chanya na hasi ufanane na ulio nyuma ya kinanda. Tia kilinda umeme kati yake na ukuta, kwa sababu umeme unaporudi baada ya kukatika ndipo unapoua adapta. Na kama unaishi karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, usikiweke chini ya dirisha la luva. Kifunike kwa kitambaa kila ukimaliza. Chumvi na vumbi huingia kwenye raba za chini ya funguo.

Raba hizo ndizo za kupima kwenye kilichotumika. Kila ufunguo unaohisi nguvu una miguso miwili chini yake, na mmoja ukichafuka ufunguo ama unanyamaza ama unapiga kelele kubwa hata uuguse vipi. Muuzaji akiwasha mdundo, mwombe azime. Bonyeza PORTABLE GRAND, kisha piga nusu toni moja moja kutoka C ya kwanza hadi ya mwisho, zote 61, kwa kidole kilekile na nguvu ndogo ileile. Utakaposikia mmoja umeruka juu ya wenzake, uandike jina lake. Kisha anza kwenye D, panda skeli yake taratibu, halafu kwa nguvu, mikono yote miwili. Ukifika C shapu bila kusita, umekipima kinanda na umejipima mwenyewe, na hapo zungumzeni bei.